Mgeni Aliyekuja na Nyumba Yake

Jumapili ya 14 ya Mwaka C (Lk 10:1-12, 17-20)



Wapenzi wasikilizaji, ninyi mlioko majumbani, ninyi mlio safarini, na ninyi wagonjwa mnaotusikiliza mkiwa vitandani, Injili ya Jumapili ya leo ina orodha ya kushangaza. Kwa kawaida mtu anayewatuma wenzake safari huwaorodheshea vitu vya kuchukua. Bwana wetu anawatuma wanafunzi sabini na wawili, wawili wawili, naye anawaorodheshea vitu vya kuacha: mfuko wa fedha, mkoba, hata viatu. Tena anaongeza jambo ambalo kwetu Karagwe na Kyerwa lingemfanya mtu aonekane hakulelewa, yaani kutosimama njiani kusalimiana. Wazee wetu wanajua kwamba salamu ya Kinyambo haina haraka. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na hata mkiagana kivuli cha mgomba kimekwisha kuhama. Wataalamu wa Maandiko wanatueleza kwamba Bwana alitaka kuonyesha jinsi utume ule usivyongoja. Tuwaachie wataalamu hilo. Leo tungependa tukae na agizo linalofuata, ambalo mara nyingi hupita masikioni mwetu bila kubisha hodi: kwamba wajumbe wale wakishapokelewa katika nyumba wabaki humo, wale na kunywa kile wenyeji walicho nacho, wala wasihamehame kutafuta nyumba iliyo bora zaidi.

Kwa nini aliwatuma mikono mitupu? Jibu tulilozoea kulifundisha ni kwamba alitaka wamtegemee Mungu. Ni jibu sahihi, wala hatuna haja ya kulibadili. Lakini tuangalie walivyomtegemea. Mana haikuwanyeshea njiani. Walimtegemea Mungu kwa kutegemea chungu cha mama fulani, katika kijiji fulani, ambaye asubuhi ile hakujua kwamba angepata wageni. Mjumbe aliyeingia kijijini na njaa yake alikuwa amekwisha kumpa mwenyeji cheo kabla hajafungua kinywa kuhubiri.

Ndivyo Mungu alivyofanya tangu zamani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, nabii Eliya amejificha penye kijito cha Kerithi, na kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Kijito kinakauka. Sasa, Mungu aliyeweza kuwatuma kunguru Kerithi angeshindwa kuwatuma mahali pengine penye maji? Hakuwatuma. Alimpeleka nabii kwa mjane wa Sarepta, mtu aliyebakiwa na unga wa kujaza kiganja na mafuta kidogo katika chupa, aliyekuwa akiokota vijiti viwili vitatu apike mara ya mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Na nabii, bila haya, anamwomba amwandalie yeye kwanza. Watu wa siku hizi wangesema nabii huyu hana utu. Kumbe katika nyumba ile yote hakuna aliyekuwa amemwomba mjane yule kitu chochote kwa muda mrefu. Mtu asiyeombwa kitu na yeyote amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu.

Ndugu zangu, tuwasimulie jambo lililotokea kwetu miaka michache iliyopita. Wahusika wametupa ruhusa, ila majina yao tutayahifadhi.

Walifika mume na mke kutoka Ulaya, watu wazima waliokwisha kustaafu. Mama yule aliwahi kuwa muuguzi wa kujitolea katika hospitali moja ya Karagwe mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu wakati huo alikuwa na urafiki na familia ya katekista mmoja wa upande wa Kyerwa. Urafiki huo uliishi kwa barua zaidi ya miaka thelathini, na mwishoni kwa simu. Safari hii walikuja wenyewe, nao walikuja na nyumba yao. Hatusemi kwa mafumbo. Lilikuwa lori kubwa ambalo mgongoni limejengewa chumba: kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, jokofu, tangi la maji, choo kidogo, na juu ya paa vioo vya kuvuna umeme wa jua. Kwa gari lile walikuwa wamekwisha kupita nchi nyingi bila kulala kwa mtu. Waliingia Tanzania kwa mpaka wa Mutukula, wakavuka daraja la mto Kagera pale Kyaka, wakashika lami ya kuelekea magharibi hadi Kayanga, ambako tuliwapokea. Kutoka hapo tulifuatana nao hadi njia panda ya Omurushaka, tukaingia barabara ya vumbi ya Nkwenda, kupanda kilima na kushuka kilima, watoto wakikimbia nyuma yetu.

Nia yao ilikuwa njema kabisa, na tunaomba hilo lisisahaulike tunapoendelea. Katika maisha yao walikuwa wamewaona wageni wengi wanaomaliza akiba ya maskini kwa siku mbili kisha wakaondoka na picha. Wao hawakutaka kuwa hivyo. Walikuwa wamemwandikia katekista mapema: msiandae chochote, tutakuja na chakula chetu, tutalala garini, hatutaki kuwasumbua.

Mzee alisoma ujumbe ule, akausoma na mkewe, nao wakauelewa kama mtu yeyote wa kwetu angeuelewa. Ni mgeni gani mwenye adabu asiyesema msijisumbue? Kwa hiyo wakaanza kujisumbua. Chumba kimoja kilipakwa chokaa. Godoro liliazimwa kwa jirani wa Jumuiya Ndogo Ndogo, chandarua kikanunuliwa gulioni, taa ikajazwa mafuta, na sakafuni zikatandazwa nyasi mbichi kwa namna ya wazee, hata chumba kizima kikanukia. Nyuma ya nyumba alifungwa mbuzi.

Gari lilipofika, halikuweza kupita. Ninyi mnaozijua nyumba zetu mnajua kwamba zimekaa katikati ya kibanja, na njia ya kuiendea nyumba ni ya mtu na baiskeli yake, na siku hizi pikipiki. Kuliacha gari barabarani usiku haikuwa salama. Basi mzee akawaita vijana wake na mapanga, na migomba saba ikalazwa chini, mmoja ukiwa na mkungu ambao haujakomaa. Wageni walipinga sana, lakini ilikuwa imekwisha kukatwa. Mnaokumbuka mnyauko wa bakteria, ulioonekana mara ya kwanza katika mkoa wetu mwaka 2006 na kuteketeza vibanja vya watu, mnaelewa mgomba mzima wenye afya una thamani gani. Nyumba ile ya magurudumu, iliyokuja ili isimgharimu mtu kitu, ilikuwa imekwisha kula migomba saba kabla ya kuzima injini.

Mgeni akiketi kwetu huletewa akamwani, zile buni zilizochumwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Hutolewa katika kikapu kidogo. Mgeni huchukua punje mbili tatu, hutafuna, na maongezi huanza. Bei yake ni ndogo mno hata hakuna anayeihesabu. Lakini tusiudharau mlango huo. Katika nchi zetu za magharibi mwa Ziwa, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walitumia buni: tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana kama mapacha, na kila mmoja alikula punje yenye damu ya mwenzake. Hatutetei desturi ile; sisi tunao undugu wa Ubatizo. Tunaikumbuka tu ili tuelewe mtu wa Karagwe anakupa nini anapokunyoshea kikapu kile. Wageni wetu walikitazama kwa furaha, wakakipiga picha, wakashukuru. Hawakutafuna, kwa kuogopa tumbo.

Jioni walifungua ubavu wa gari, wakapika kwa gesi, wakaialika familia. Watoto waliingia na kutoka, wakafurahi sana. Ndizi na nyama ya mbuzi zilionjwa kidogo kwa heshima. Saa tatu usiku mlango wa gari ukafungwa na taa ya ndani ikazimwa. Ile taa ya chumbani, ambayo mama wa nyumba alikuwa ameiwasha, iliwaka mpaka mafuta yakaisha.

Sisi tulilala parokiani. Kesho yake tulipokuja kwa Misa tulimkuta mama anafagia ua, naye alitusalimu vizuri kama siku zote. Aliyesema ni mzee. Alituchukua kando, akatuonyesha kitanda kilichotandikwa na hakijakaliwa, akasema: "Padre, wamekuja kutuona. Lakini hawajaturuhusu sisi tuwaone."

Wapendwa, tumesoma vitabu kadhaa vya teolojia ya kichungaji tangu seminari kuu hadi leo. Sentensi ile ya katekista ilitusaidia kuielewa Injili ya leo kuliko vingi kati ya hivyo. Kuonwa ni kupungukiwa mbele ya mtu. Ni kuwa na kiu akuletee maji, kutojua njia akushike mkono, kusinzia mbele yake, kukohoa usiku akasikia. Mtu ambaye hana haja ya chochote kwako anaweza kukutembelea siku tatu na msifahamiane.

Tuliona ni wajibu wetu kuwaeleza wageni wale, na tuliwaeleza bila kuzungusha maneno. Mume alikaa kimya. Mama akauliza swali moja tu: je, kitanda kile kingali kimetandikwa? Usiku huo waliingia chumbani na kitenge, mswaki na dawa zao za kila siku. Mengine yote yalibaki garini.

Na sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Usiku ule mgeni alikohoa, kwa sababu ya vumbi la barabara. Mama wa nyumba aliamka, akawasha moto jikoni, akamletea maji ya moto yenye tangawizi, akaketi kwenye ncha ya kitanda kungoja anywe. Mume alikuwa amelala. Wale mama wawili walianza kuongea kwa sauti ya chini, mmoja kwa Kiswahili chake, mwingine kwa kile Kiswahili cha wodini alichobakiza. Mwaka 1988 mama wa nyumba alikuwa amempoteza mtoto wa miezi minane kwa malaria, katika wodi ile, katika zamu ya usiku ya muuguzi yule. Mtoto alikata roho wakati mama yake ametoka kwenda kumpikia uji kwenye jiko la nje. Miaka yote ile jambo hili halikuwahi kutajwa. Barua zilikuwa zikiandikwa na mzee, na sisi wanaume tuna namna yetu ya kuandika barua: mvua, bei ya kahawa, karo, salamu kwa wote. Muuguzi alikuwa ameishi akidhani kwamba mama yule, moyoni mwake, anamlaumu. Naye mama hakuwa na lawama, alikuwa na swali. Alitaka kujua kama mwanawe alikuwa peke yake.

Hakuwa peke yake. Muuguzi alikuwa amempakata. Alikumbuka hata rangi ya kile kitambaa alichofungiwa.

Wapendwa, swali hilo lilikuwa limengoja zaidi ya miaka thelathini, na jibu lilikuwapo wakati wote. Lilihitaji tu kitanda, kikohozi, na kikombe cha maji ya moto. Usiku wa kwanza, wenye swali na mwenye jibu walilala hatua kumi kati yao, na katikati ulisimama mlango wa bati uliofungwa kwa ndani kwa wema mtupu.

Historia ya Karagwe yenyewe ina kisa kinachofanana na hiki. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, wakiwa katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Nao walikuja na nyumba zao, yaani mahema, pamoja na wapagazi, bunduki na mizigo ya nguo na shanga. Njiani, katika nchi za watawala wengine, walikuwa wamelipishwa hongo kila walipopita. Na enzi hizo hongo lilikuwa jina la ushuru wa njia, bado halijawa jina la dhambi. Rumanyika hakuwatoza. Aliagiza wageni wapewe chakula kwa gharama yake. Speke, mtu mwenye haraka, aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant hakuweza. Mguu wake ulikuwa umevimba na kuoza vidonda, hata kusimama ilikuwa taabu, akabaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili, alipotolewa Karagwe akiwa amebebwa kwenye machela. Kwa miezi ile yote hakuwa mpelelezi tena wala mwakilishi wa yeyote. Alikuwa mgonjwa katika nchi ya watu, na maisha yake yalishikwa na moyo mzuri wa mwenyeji. Hatutaki kumfanya mtu yeyote wa karne ile kuwa mtakatifu. Lakini ni vyema watoto wetu wafundishwe kwamba Karagwe iliingia katika vitabu vya dunia kwa njia ya ukarimu wake, na kwamba mguu mbovu uliwahi kukaa na wenyeji muda mrefu kuliko miguu mizima.

Na mwaka 1994, wakati tulipokuwa bado frateri, mikoa ya kwetu ilijaa wageni wa aina nyingine, ndugu zetu kutoka Rwanda waliovuka mpaka wa mto Kagera na kuingia Ngara na Karagwe bila chochote. Haikuwa kazi rahisi, na misitu yetu ina makovu hata leo. Hata hivyo mgeni asiye na kitu alijulikana apokelewe vipi: mpe maji, mpe moto, mpe mahali. Anayetushinda ni mgeni mwenye kila kitu.

Wala tusidhani kwamba mgeni huyo hutoka Ulaya peke yake. Tunawaomba sasa mtuvumilie kidogo, kwa kuwa maneno haya yanatuhusu sisi wenyewe na watoto wetu.

Kila Noeli barabara ya Kyaka hadi Kayanga hujaa magari kutoka Mwanza, Dar es Salaam na Arusha. Wana wetu wanarudi nyumbani, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengi wamejenga, wengi wanasomesha wadogo zao. Lakini nani hajaona jambo hili? Gari linafika saa tano asubuhi. Ndani kuna katoni za maji ya chupa, mikate, soda, na godoro la watoto ambalo halitashushwa. Mama mzazi amekwisha kumenya ndizi tangu alfajiri. Wajukuu wanaambiwa kwa siri wasinywe maji ya pale. Salamu, picha, bahasha. Na saa kumi na moja gari linageuka kurudi Kayanga au Omurushaka, kwenye nyumba ya wageni, kwa sababu choo cha nyumbani ni cha shimo na watoto hawajazoea mbu. Mama anasimama ukumbini kupunga mkono. Ndani ya nyumba vitanda viwili vimetandikwa.

Hatusemi kwamba kulala nyumba ya wageni ni dhambi. Kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, kuna nyumba ambazo kweli hazina nafasi, na maji yasiyochemshwa huleta homa ya matumbo kwa tajiri na kwa maskini bila ubaguzi. Maji yachemshwe! Mama yako anajua kuyachemsha ukimwomba, naye atafurahi kwamba umemwomba. Tunachosema ni kwamba bahasha haijibu swali. Huenda mama huyo naye ana jambo moja ambalo amelitunza miaka ishirini, kuhusu marehemu baba yenu, kuhusu mpaka wa kibanja, kuhusu ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Jambo lisilosemwa mbele ya shemeji wala kwa simu, linalosemwa usiku wa manane mvua ikipiga bati. Nani atakuwapo kulisikia?

Upande wa pili nao una makosa yake, na tusiwafiche wenyeji. Wapo wanaokopa ili kumkirimu mgeni, wakauza mbegu za maharage za msimu ujao, kisha wakamsema mgeni mwaka mzima. Wapo wanaompa mgeni kuku huku watoto wakipewa mchuzi uliobaki. Huo ni ukarimu wa kuogopa majirani. Tumtazame yule mama wa Shunemu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, ambaye alikuwa mtu wa uwezo. Alipoona kwamba nabii Elisha hupita kwake mara kwa mara, alimjengea chumba kidogo juu ya dari na kuweka humo vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Maandiko yanavitaja kimoja kimoja, kana kwamba yanataka tuvihesabu. Fahali hatajwi. Na nabii aliingia, akalala. Angekuwa amekuja na hema lake na taa yake, mama yule angebaki na chumba kizuri, na Elisha asingepata kujua kwamba katika nyumba ile iliyojaa mali hapakuwa na mtoto.

Mtu atauliza: basi mgeni aje mikono mitupu kama wale sabini na wawili? Desturi yetu inalo jibu, na tunaona ni jibu zuri. Mgeni huja na sukari, na sabuni, na kipande cha nyama akipata. Lakini akishafika humkabidhi mama wa nyumba, na kuanzia hapo vitu vile si vyake tena. Mama ndiye atakayeamua kama vitapikwa leo au vitawekwa. Sukari ileile, ukimkabidhi mama ni zawadi. Ukiiacha mkobani ukaitia mwenyewe kwenye chai yako, umejipangia chumba cha kukodi katika nyumba ya rafiki. Wageni wetu wale wa Ulaya walilielewa hili upesi kuliko wengi wetu. Siku ya nne, mahitaji yaliyokuwa kwenye jokofu la gari yalihamia jikoni kwa mama, kuanzia jibini hadi samaki wa makopo. Jibini ile, kusema kweli, hakuna aliyeipenda, walipewa kuku.

Tumwangalie pia Mtume Petro siku ya Alhamisi Kuu. Alikuwa tayari kumfanyia Bwana chochote, kuchukua upanga, kufa naye. Kilichomshinda ni kukaa na miguu yake ya vumbi ndani ya beseni, na Bwana ameinama. Wengi wetu tumefanana naye. Tunatoa kwa furaha. Kupokea kunatuaibisha, kwa sababu anayepokea huonekana alivyo, nyufa za visigino na yote.

Basi makatekista na viongozi wa Jumuiya mnaotusikiliza, neno la mwisho ni la kwenu na la kwetu mapadre. Tumezoea, tunapokuja kwenye vigango kwa Misa, kubeba chupa yetu ya chai, vitumbua vyetu vilivyofungwa kwenye kitambaa, na wakati mwingine kiti chetu cha kukunja. Tunasema hatutaki kuwasumbua waamini. Kwa msimu huu wa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba, tutavizunguka vigango vyote vya upande wa Nkwenda na Kaisho, na baadhi ya safari tutalala hukohuko. Msitupangie nyumba yenye sofa. Mtupangie zamu kwa kufuata Jumuiya, hata kama ni kwa mjane, na yeye aambiwe mapema ili asiazime kitu. Tutakula kilichopo. Anayejua kutengeneza akamwani atuwekee kidogo. Ile chupa ya chai itabaki parokiani, na dereva amekwisha kuambiwa.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.